Makumbusho ya Majimaji, Songea: walimu, wapelekeni wanafunzi

Niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, na nawasihi walimu wenzangu mfanye hivyo. Darasani Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani ni maji ya mganga Kinjikitile, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, basi. Hapa mnasimama mbele ya kaburi la pamoja la wapiganaji zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, ana kaburi lake peke yake. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani kosa lao nini?"

Mwongozaji wetu hakuwa na haraka. Alikaa sana kwenye habari ya njaa, na ndivyo inavyostahili: jeshi la Götzen, gavana wa Kijerumani, lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000.

Muulizeni pia kuhusu watawala. Gavana aliyefuata, Rechenberg, alitaka Mwafrika alime mazao ya biashara katika shamba lake mwenyewe. Masetla, yaani walowezi wa Kizungu, waliotaka vibarua wakampinga vikali. Sera ya kikoloni ikalegezwa, lakini nchi haikurudi kwa wenyewe.

Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha papa hapa Novemba 2023. Ukoo wa Nduna Songea bado unataka kujua fuvu la babu yao, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, liko wapi, na mimi nataka wanafunzi wangu waendelee kuuliza hivyo hivyo.

Tengeni nusu siku. Februari 27 ni siku ya kumbukumbu, watu hufurika. Wenye darasa kubwa chagueni tarehe nyingine.