Tathmini: Jumamosi nne za sinema za miaka ya njaa ya Marekani, Ngamiani, Tanga

Kwa kiingilio cha shilingi 4,000, ukumbi mmoja mdogo wa Ngamiani umekuwa ukionyesha, kila Jumamosi baada ya sala ya Isha, filamu moja ya Kimarekani iliyotengenezwa katika miaka ambayo Wamarekani wenyewe walikuwa hoi kwa ukata. Nimehudhuria Jumamosi zote nne. Naandika tathmini hii kwa sababu mwandalizi ametangaza kwamba ataanza mzunguko mwingine, na wapo watu wanaoniuliza kama inafaa kutoa fedha kwa ajili ya picha zisizo na rangi, zilizopigwa kabla babu zao hawajaoa. Inafaa, isipokuwa Jumamosi ya tatu, ambayo naomba irekebishwe kabla haijaonyeshwa tena.

Kwa vifaa, ukumbi huu hauvizidi sana vibanda umiza vilivyo jirani: projekta ni ya kawaida, viti ni vya plastiki, na feni ziko mbili tu, kwa hiyo anayechelewa hukaa nyuma akitokwa jasho. Tofauti huanzia mlangoni, kwa kuwa pamoja na tiketi unakabidhiwa chombo cha jikoni: wiki ya kwanza sahani bapa, ya pili bakuli, ya tatu kikombe, ya nne kisahani chake. Mwandalizi, ambaye ni mwalimu mstaafu wa historia, hakulibuni jambo hili. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929, na kufikia mwaka 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Majumba ya sinema, yaliyokuwa yakijaa kila usiku, yakapoteza wateja kwa mamilioni na mengi yakafungwa. Wenye majumba yaliyosalia waligundua kwamba mama wa nyumbani anayesita kutoa senti 25 kwa ajili ya filamu peke yake atazitoa bila kinyongo akijua anaondoka na sahani, na kwamba atarudi wiki ijayo ili seti isibaki pungufu. Ujanja huo bado unafanya kazi. Jirani yangu wa kiti, mama mwenye genge la mboga, alinieleza waziwazi kwamba Jumamosi ya pili alifuata bakuli, na filamu ilimkuta humo humo. Bakuli langu lilikuwa na ufa, nikalirudisha, likabadilishwa papo hapo.

Bisi zinauzwa shilingi 500, zikiwa za moto na zenye chumvi ya kiasi. Nazo zimeletwa kwa makusudi, maana wenye majumba ya kifahari ya Marekani walikuwa wamezipiga marufuku kwa kuhofia mazulia yao, hadi ukata ulipowalazimisha kuuza mfuko wa senti 5 au 10 ambao faida yake ilisaidia kuendesha jumba zima.

Filamu ya kwanza ilikuwa Gold Diggers of 1933. Inaanza na wasichana waliovishwa sarafu wakiimba kwamba sasa fedha zipo tele, na wimbo haujaisha wanaingia watu wa serikali kukamata mavazi yale yale, kwa sababu mwenye onyesho anadaiwa. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na nadhani kila aliyewahi kufuatwa na mdai alijiona pale. Kisha, baada ya saa nzima na zaidi ya mapenzi na ngoma zilizopangwa na Busby Berkeley, filamu inafungwa kwa wimbo wa askari wa zamani waliopigana vita ya kwanza ya dunia na sasa wanapanga foleni ya chakula. Mwalimu alitukumbusha kwamba mwaka uliotangulia, yaani 1932, maelfu ya askari wa namna hiyo walipiga kambi Washington kudai malipo yao wakatimuliwa na jeshi. Alitukumbusha pia kwamba mdororo ule ule uliiporomosha bei ya mkonge, ukapunguza ujira wa manamba katika mashamba yanayoizunguka Tanga hii. Maelezo hayo ya dakika kumi yalikuwa na thamani ya kiingilio chote.

Jumamosi ya pili tuliona It Happened One Night ya mwaka 1934, safari ya basi ya binti wa tajiri na mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Sina la kulalamikia. Blanketi linaloning'inizwa kwenye kamba kati ya vitanda viwili, ili heshima ilindwe, lilieleweka bila msaada wa mtu yeyote.

Taabu ilikuja na Modern Times ya mwaka 1936. Charlie Chaplin aliitengeneza miaka kama minane baada ya filamu kuanza kusema, akaamua kwa makusudi kwamba watu wake wasiseme. Sauti za maneno zinazosikika humo karibu zote hutoka kwenye mashine: bosi anayefoka kutoka kwenye skrini ukutani, sahani ya santuri inayonadi mtambo wa kumlisha mfanyakazi bila kumsimamisha kazi, redio. Ukimya wa mfanyakazi wa kiwandani anayekaza nati, anayeigizwa na Chaplin mwenyewe, ndio hoja yenyewe. Sasa ukumbi ukamweka msimulizi, wale tunaowaita madijei, mwenye kipaji na mwenye kuchekesha kweli, akasema mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho juu ya filamu isiyohitaji mkalimani hata kwa mtoto. Kilele cha kosa kilikuwa pale Chaplin anapopoteza maneno ya wimbo aliyoyaandika kwenye mkono wa shati, akaimba maneno yasiyo ya lugha yoyote duniani. Msimulizi wetu akayatafsiri, beti kwa beti, kwa Kiswahili fasaha. Nilicheka, lakini nilikuwa nacheka filamu nyingine. Kwa filamu mbili za kwanza, zenye maneno mengi ya haraka, msimulizi huyo huyo alikuwa hazina.

King Kong ya mwaka 1933, filamu ya sokwe mkubwa kupita kiasi, ilifunga mzunguko. Mapema humo tunamwona msichana mwenye njaa anayenyoosha mkono kuchukua tofaa, na tukio hilo linaeleza vizuri kwa nini mtu angekubali kupanda meli ya kwenda asikokujua. Ila wakazi wa kisiwa ambako meli hiyo inafika wamechorwa kama washenzi wa kuchezea ngoma tu, na hapa mwalimu, aliyekuwa makini wiki zote, alinyamaza. Ilifaa aseme jambo, na aongeze kwamba katika majimbo ya kusini Wamarekani weusi waliolipa kiingilio walipandishwa roshani kupitia mlango wao wa pembeni. Kijana mmoja aliuliza swali karibu na hilo, akajibiwa kwamba muda umekwisha, ilhali bisi zilikuwa bado zinauzwa.

Anayetaka kwenda afike mapema apate kiti cha chini ya feni, na aikague sahani yake kabla hajaondoka mlangoni. Modern Times ikirudiwa msimulizi akiwa amekaa nasi kwenye viti vya plastiki, nitalipa kiingilio tena, hata kama vikombe vimekwisha.