Kocha wa maisha aliyeniuliza kuhusu bati

Nakimbia nusu marathoni, naishi Dodoma, na kwa miaka miwili nilikuwa nakata moto kilomita ya 15. Mazoezini, barabara ya Msalato, namaliza kilomita 25 na upepo wa Julai ukinipiga usoni. Siku ya mashindano miguu inagoma. Mwalimu wangu wa mbio alibadilisha programu mara tatu, mwishoni akasema, "Hili haliko miguuni."

Nikatafuta kocha wa maisha, mtu wa kukaa naye na kuzungumza yanayokukwamisha. Wa kwanza niliyemlipa nilimpata mtandaoni. Kila alfajiri ananitumia sauti WhatsApp: amka shujaa, wewe ni simba. Mwezi mzima hakuwahi kuniuliza nakimbia umbali gani. Laki mbili zangu zikaenda, na hadi leo zinaniuma.

Wa pili ndiye ninayetaka mjue kazi yake. Ni mama wa makamo, anaonana na watu mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, elfu 60 kwa kikao cha saa moja na nusu. Kabla sijalipa niliomba cheti, akanionyesha cha ICF, shirikisho la kimataifa la makocha wa aina hii, ngazi ya kwanza. Hata hiyo ngazi ya kwanza mtu haipati mpaka atimize saa 100 za kufanya kazi na wateja. Ombeni cheti, jamani, maana jina la kocha wa maisha kila mtu anaweza kujipa.

Kikao cha kwanza akaniuliza, "Ukifika kilomita ya 15, mwanangu, unajiambia nini? Nitajie maneno yenyewe."

Nilikaa kimya muda mrefu. Kisha yakanitoka: "Mama anasubiri bati."

Nyumbani Ikungi tunamjengea mama nyumba. Kuta zimesimama tangu 2023, na bati tulisema zitatoka kwenye zawadi zangu. Kwa hiyo nikijiona wa tano naanza hesabu: wa tatu anabeba shilingi ngapi, hizo ni bando ngapi, mvua zinaanza lini. Mabega yanapanda, hatua zinafupika, wenzangu wananipita.

Vikao viwili vizima tuliongelea bati. Hakuniambia nifanye nini. Aliuliza tu kama mama anajua kwamba nakimbia na nyumba yake kichwani. Hakujua. Jumamosi nikapanda basi, nikakaa naye pamoja na kaka. Tukakubaliana nitoe elfu 80 kila mwezi kwenye mshahara, kaka aongeze yake, zawadi ikija ije. Mama akasema, "Mwanangu, mbona hapa nilipo sinyeshewi?" Nililia njia nzima mpaka Manyoni.

Baada ya hapo ndipo tukaingia kwenye mbinu. Nikiona kibao cha 15 nashusha mabega, natoa pumzi yote, naanza kuhesabu hatua hadi 100, halafu upya. Paula Radcliffe, mkimbiaji wa marathoni wa Uingereza, naye alikuwa akihesabu hadi 100 tena na tena akiwa mbioni: akimaliza mara tatu, ni maili moja. Tulifanya mazoezi ya kuliona lile eneo nimefumba macho, kila usiku dakika kumi.

Siku moja tulitazama mita za mwisho za Alphonce Simbu, mwana Singida mwenzangu, kwenye marathoni ya ubingwa wa dunia pale Tokyo Septemba 2025. Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, Simbu anamkuta kwenye utepe, wote wanaandikiwa 2:09:48, dhahabu inakuja Tanzania. Kocha akaniuliza, "Pale unadhani anafikiria nini?" Nikamjibu sijui, ila hafikirii bati.

Kilichonifanya nimwamini kabisa ni kikao cha tano. Nilimweleza kwamba nachoka hata nikiamka na siku zangu zimepotea miezi miwili. Akafunga daftari: "Hilo si langu, nenda hospitali wiki hii." Damu ilikuwa chini. Nikapewa dawa za madini ya chuma na kuambiwa niongeze chakula.

Kasoro ipo. Anapanga vikao mchana wa siku za kazi, nami ni mwajiriwa. Mara mbili nililazimika kufanya kwa simu, mtandao ukakatika tukiwa katikati ya jambo zito. Pia hataki malipo ya mafungu.

Mbio zilizofuata nilitoka 1:18:40 nikaingia 1:16:52. Nilikuwa wa nne, bahasha ziliishia wa tatu. Kilomita ya 15 hadi 20 nilipita watu wawili.

Nimelipia vikao vinne vingine. Nimeomba viwe Jumamosi.