Mkaa wa pumba za mpunga: upi wa kununua kwanza

Ukipita Ifakara au Igurusi msimu wa kukoboa, nyuma ya mashine utaona kilima cha pumba. Kwa mbali kina rangi ya dhahabu iliyofifia, ukisogea upepo unakupuliza maganda machoni. Sehemu huchukuliwa na wachoma matofali, sehemu hutandikwa kwenye mabanda ya kuku, na zinazobaki hutiwa kiberiti zikafuka moshi usiku kucha. Kila kilo 100 za mpunga hutoa kilo kama 20 za pumba. Moto wote huo unapotea bila sufuria juu yake, huku miti ya mlimani ikiendelea kuangushwa kwa ajili ya mkaa. Linaniuma sana jambo hili, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nikisema pumba hapa nina maana ya lile ganda gumu la nje. Zile pumba laini za kulishia nguruwe na ng'ombe ni kitu kingine, usije ukauziwa moja kwa bei ya nyingine.

Nimepikia mkaa wa pumba mwaka wa nne sasa, hapa Morogoro, nyumba ya watu saba. Kwa mwaka mmoja na nusu niliuza pia wali na maharage, kwa hiyo nimeujaribu kwenye sufuria ndogo na kwenye sufuria la kushikwa na watu wawili. Nimenunua mzuri na nimenunua takataka. Sokoni pumba za kupikia ziko za aina nne, si mkaa tu, na nimezipanga kuanzia ile ambayo ningemshauri dada yangu aanze nayo.

Kabla ya kutoa hela, lijue jivu

Ganda la mpunga limejaa silika, madini yale yale yaliyo kwenye mchanga, ambayo mpunga huyanyonya kutoka ardhini. Silika haiungui. Ukichoma pumba mpaka mwisho, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake inabaki jivu.

Sasa fuata hesabu. Kilo 100 za pumba zikichomwa kwenye pipa lenye hewa kidogo mpaka ziwe mkaa, unabaki na kilo 35 hadi 40 hivi. Ndani yake zimo kilo 20 za jivu, maana silika haikwenda popote. Kwa maneno mengine, mkaa wa pumba tupu ni nusu jivu kabla hata hujauwasha. Mkaa mzuri wa miti, kwa kawaida, jivu lake halifiki gramu 50 kwa kilo.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia mkaa wake wa pumba tupu una moto mkali kuliko wa miti, huyo ama hajui anachouza au anakuficha. Kilo ya mkaa wa miti ina nishati ya megajuli kama 28 hadi 30, na mkaa wa pumba tupu unacheza kwenye nusu ya hapo. Hilo haliufanyi kuwa mbaya. Una kazi zake, na nitazieleza. Linachotaka ni bei ya kilo iwe chini kiasi cha kutosha.

Na bei pima kwa sufuria, usipime kwa kiroba. Tuseme, kwa mfano tu, mkaa wa miti ni shilingi 1,000 kwa kilo na wa pumba ni 700. Maharage yako yakila gramu 800 za mkaa wa miti, umetumia shilingi 800. Yakila kilo 1.3 za mkaa wa pumba, umetumia 910. Umenunua cha bei rahisi na umelipa zaidi. Nunua kilo mbili kwanza, pika chakula kile kile unachokijua, kwenye jiko lile lile, ndipo urudi kuchukua kiroba.

Namba moja: pumba zilizochanganywa na chenga za mkaa

Huu ndio ununue. Mtengenezaji huchoma pumba, husaga, kisha huchanganya na vumbi na chenga zinazobaki kwenye maghala ya mkaa, au na mkaa wa vifuu vya nazi kama yuko upande wa Pwani na Tanga. Hushikanishwa kwa uji wa unga wa muhogo, hubanwa, huanikwa. Chenga huongeza moto, pumba hufanya moto udumu na bei ishuke. Kwa jiko la mkaa la kawaida hutabadilisha chochote, na chapati zako zitaiva kwa wakati wake.

Muulize muuzaji mambo mawili: pumba ni kiasi gani, na kimeshikwa na nini. Anayetengeneza mwenyewe atakujibu bila kufikiri. Akibabaika, chukua vipande viwili uvigonganishe. Vilivyokauka hulia kama vigae. Vibichi hutoa sauti nzito ya udongo, na hapo unanunua maji kwa bei ya mkaa. Kiangushe kimoja kutoka usawa wa kiuno. Kikipasuka vipande viwili vitatu si neno, kikimwagika kuwa unga rudisha. Kisha kivunje utazame ndani. Ukiona maganda ya njano ambayo hayakuungua, tegemea moshi.

La mwisho, ambalo mimi nililijua kwa gharama, ni udongo. Mwaka wa kwanza nilinunua viroba vitatu kwa muuzaji mmoja wa barabarani. Vizito, vyeusi, vimepangwa vizuri, nikajiona nimepata. Jioni hiyo mchele ulikaa jikoni mpaka watoto wakalala na njaa. Asubuhi nikamwaga jivu kwenye bati, nikakuta limetoka jekundu kama tofali la kuchoma, na vipande vingine vimebaki na umbo lake lote, vigumu mkononi. Alikuwa ameongeza udongo mwingi wa mfinyanzi ili uzito upande. Udongo kidogo wa kushikizia wapo wanaoutumia na moto unawaka, ila ukizidi unapikia ardhi. Jivu la pumba ni jeupe au la kijivu. Likitoka jekundu, usirudi tena kwa mtu huyo.

Namba mbili: kuni za kubanwa

Hizi si mkaa. Pumba mbichi husukumwa na parafujo kubwa kupita kwenye bomba lililopashwa moto mkali, nyuzi joto karibu 300, na gundi ya asili iliyomo kwenye ganda hulainika ikashika bila uji wa muhogo wala kitu kingine. Gogo hutoka likiwa na ngozi ya kahawia iliyoungua kidogo na tundu katikati. Nishati yake ni megajuli 13 hadi 15 kwa kilo, haiko mbali na kuni kavu, na magogo yote yana ukubwa mmoja, hayana miba wala unyevu wa kushtukiza.

Kama unapikia shule, msiba, harusi, au una genge la chakula lenye jiko la kuni, kwako hizi ndizo namba moja. Nyumba ya kupanga yenye jiko la mkaa chumbani, hapana kabisa; zinatoa moshi na ndimi za moto kama kuni nyingine.

Ile silika inayotusumbua kwenye jivu inasumbua mashine pia: inakwangua parafujo kama msasa. Parafujo ikilika, kuni hutoka zimelegea, zina nyufa za duara kama mkate uliokatwa. Ili kujua, vunja kipande utumbukize kwenye ndoo ya maji. Kilichobanwa vizuri huzama pale pale. Kilicholegea huelea. Kipande hicho kitavimba na kumumunyuka, kwa hiyo ujue pia kwamba tone la mvua likiingia stoo umepoteza mzigo.

Namba tatu: mkaa wa pumba tupu

Nimeuweka wa tatu, lakini kwangu haukosekani. Moto wake ni wa polepole na hauna papara, na hilo ndilo linalotakiwa kwa makande, maharage, supu ya makongoro na maziwa ya kugandisha. Na kwa wali wa nazi sijapata mwingine unaoufikia. Tui likishakauka, napunguza moto chini na kupalia juu ya kifuniko vipande vinne vya mkaa wa pumba. Mkaa wa miti pale juu huunguza. Huu hukausha taratibu, na ukoko hutoka wa rangi ya asali pande zote.

Usiutumie peke yake kukaanga samaki au kuchemsha maji ya chai ya haraka asubuhi. Utachelewa kazini.

Namna ya kuuwasha ni tofauti, na wengi huukataa kwa sababu hawakuelezwa. Anza na mkaa wa miti kiganja kimoja, ukishika panga vipande vya pumba juu yake kwa kuachia nafasi za hewa. Vyenye tundu katikati hushika upesi zaidi. Ukishawaka usiuchokonoe. Jivu lake hubaki limeshika umbo la kipande, ndani bado moto mwekundu. Ukikoroga kama ulivyozoea, jivu linaanguka na kuziba matundu, jiko linazimika. Tikisa jiko kidogo tu. Chagua pia jiko lenye nafasi kubwa ya jivu chini, maana litajaa kabla ya maharage kuiva.

Kutokuwa na moshi kusikudanganye. Mkaa wowote, wa mti au wa pumba, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Jiko lisilale ndani, dirisha liwe wazi, hata mvua ikinyesha.

Namba nne: pumba zenyewe na jiko lake

Ukikaa karibu na mashine ya kukoboa, gunia la pumba unaweza kulipata kwa bei ya kubebesha tu. Wengi hushindilia kwenye kopo kubwa, chupa katikati ya kutengeneza tundu na nafasi ya hewa chini, kama jiko la maranda. Linawaka, ila moshi ni mwingi na macho yatakuambia.

Kuna majiko bora zaidi. Mhandisi Alexis Belonio wa Ufilipino alibuni jiko la pumba lenye feni ndogo: unawasha juu, hewa inasukumwa kutoka chini, pumba zinageuka gesi na gesi ndiyo inayowaka, moto wa buluu. Alitunukiwa Tuzo ya Rolex mwaka 2008. Shida yake kwa mpishi wa nyumbani ni kwamba unajaza mara moja, likiisha unamwaga na kuanza upya, na feni inataka umeme. Kama fundi wa mtaani kwako anatengeneza la aina hiyo, mwombe apike mbele yako tangu kuwasha mpaka kumwaga. Kwa mtu wa Mbarali au Kilombero mwenye pumba mlangoni na umeme wa jua juu ya bati, hili laweza kushinda yote matatu. Kwa mtu wa Dar es Salaam, kusafirisha gunia la pumba ni kusafirisha hewa.

Serikali yetu ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Gesi nami ninayo, naitumia kwa chai na mayai. Mtungi ukiisha katikati ya mwezi, kiroba cha pumba ndicho kinachonizuia nisirudi kwenye mkaa wa msituni.

Lini ununue, uweke wapi

Nunua kiangazi, Juni hadi Septemba. Mpunga umevunwa, mashine zinafanya kazi, pumba ni tele, na mkaa unaanikwa kwenye jua la kweli. Unaouzwa katikati ya masika mara nyingi haujakauka moyo, na ule uji wa muhogo huota ukungu mweupe ndani ya kiroba. Mimi huchukua wa miezi minne kwa mkupuo, nauweka juu ya mbao mbali na ukuta, viroba vimefunguliwa midomo kwa wiki ya kwanza ndipo navifunga. Jivu nalinyunyizia maji kabla ya kulizoa, lisipeperuke tukalivuta puani. Sehemu inabaki ya kusugulia masufuria, nyingine inakwenda kwenye matuta ya mchicha.