Bomba la kivuta moshi cha jikoni: lipi la kwanza, lipi la kuachwa dukani

Watu hulinganisha nguvu za feni na mng'ao wa kioo cha kivuta moshi, kisha bomba wanamwachia fundi aje nalo lolote. Matokeo yake feni inanguruma na samaki bado ananukia hadi chumbani.

Nafasi ya kwanza naipa, bila ubishi, bomba gumu la bati lililopakwa zinki, la mviringo. Ndani ni laini, kwa hiyo hewa inapita bila kukwama na mafuta hayapati pa kung'ang'ania. Tena haliungui. Usumbufu wake ni kazi ya kukata na kuunga, na kona zake hununuliwa peke yake. Kama lina pa kupita, nunua hili.

La pili ni la alumini inayopindika na kubaki ilivyopindwa. Linafaa kwa kipande kifupi ambacho bomba gumu halifiki. Livute mpaka linyooke, maana kila mkunjo unaobaki huzuia hewa na kukusanya mafuta.

La tatu, tena kwa mbali, ni lile la karatasi ya alumini na waya. Ni rahisi kwa bei, lakini ncha ya bisibisi tu hulichana.

Plastiki siipi nafasi yoyote. Joto huilegeza, na mafuta yakiwaka ndani yake nayo inaungua.

Kabla ya kulipa, pima mdomo wa kivuta moshi. Vingi ni milimita 150 au 125. Tafadhali usipunguze: ukitoka 150 kwenda 100, njia ya hewa inabaki chini ya nusu, na kelele zinaongezeka. Kona nazo zipunguze, maana moja ya nyuzi 90 huizuia hewa kama mita kadhaa za bomba lililonyooka.

Maungio yafungwe kwa tepu ya alumini. Ya kitambaa hukauka gundi ikabanduka. Mwisho wa bomba uwe nje kabisa, wenye kilango kinachojifunga chenyewe, bila wavu wa wadudu kwa sababu mafuta huuziba. Fundi akikwambia liishie darini, mkatalie: mbao zitakula mafuta na unyevu.

Asiye na njia ya kutoboa nje atabaki na chujio la mkaa. Hupunguza harufu, ila joto na mvuke vinarudi jikoni, na chujio lenyewe hununuliwa upya kila baada ya miezi michache.