Stoo ya kona jikoni: uzoefu wangu na fundi wa mbao

Katika jikoni letu la Buruburu kuna kona, kati ya ukuta wa bafu na mlango wa nyuma, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa makao ya ndoo, ufagio na gunia la mchele. Mwezi wa Januari niliamua kujengewa hapo stoo ya vyakula yenye rafu tano za umbo la herufi L, nikaiagiza katika karakana moja ya kando ya Ngong Road. Leo stoo hiyo ni imara kiasi cha kunifurahisha, ingawa uimara wenyewe niliupata kwa kubishana.

Tulipatana kwamba rafu zitakuwa za blokibodi ya milimita 18, yaani ile yenye vipande vya mbao katikati na veniya (ngozi nyembamba ya mbao) juu na chini, na kwamba bodi mbili za futi 8 kwa 4 zingetosha. Siku ya kuletewa nilipitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa, chembe zikamomonyoka zikaanguka sakafuni. Ilikuwa chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iliyovikwa veniya nzuri. Kwa mtu anayepanga nguo huenda isingekuwa neno, lakini chipubodi ikilowa huvimba na hairudi ilivyokuwa, na skrubu iliyong'oka ndani yake haishiki tena mahali palepale. Niliirudisha yote, na ikanigharimu siku tisa za kusubiri.

Fundi mwenyewe, aliyekuja kufunga, nilimpenda. Kabla ya kukata chochote alipima sentimita 90 upande mmoja wa kona na 120 upande wa pili, kisha akavuta tepu kutoka alama hadi alama. Kona yenye pembe mraba ingetoa 150 kamili. Yetu ilitoa 152. "Mama, ukuta huu umefunguka," akaniambia, na akanieleza kwamba rafu zikikatwa kwa skwea, yaani kwa pembe mraba, mwisho wa ule upande mrefu utaacha upenyo wa vidole viwili, ambao ni njia kuu ya mende. Basi alikata kigezo cha katoni, akakichonga mpaka kikalala sawa ukutani, ndipo akakihamishia kwenye ubao.

Tulitofautiana kuhusu misumari. Yeye alitaka kugongomea papi, yaani vipande vyembamba vya mbao vya kubebea rafu, ukutani kwa misumari ya chuma, nami nilishaona jinsi inavyopasua plasta. Tuliafikiana kutumia papi za saiprasi za inchi 2 kwa 1, zilizofungwa kwa skrubu za inchi 3 na plagi za plastiki. Hesabu yake ni rahisi: skrubu hiyo ina sentimita 7.5 hivi, papi inakula 2.5, plasta yetu 1.5, na sentimita 3.5 zilizobaki zinazama ndani ya jiwe lenyewe. (Upande wa bafu nilimwonyesha kwanza bomba linakopita. Sikumwachia abahatishe.)

Kasoro kubwa ilijitokeza wiki moja baadaye. Nilikuwa nimeweka kwenye rafu ya pili robota la unga, ambalo ni pakiti 12 za kilo 2, na kando yake gunia la mchele la kilo 25, nikaona ukingo wa mbele unatabasamu. Nilipoweka pima maji juu yake, katikati palikuwa pameshuka milimita 6. Nyuma papi zilishikilia sawasawa, lakini mbele palikuwa na nguzo za miishoni tu, na kona ya ndani ya ile L ilikuwa inaning'inia. Ubao unaobeba mzigo uleule, ukipunguziwa nusu ya nafasi kati ya nguzo na nguzo, hupinda kwa moja ya nane tu. Kwa hiyo nguzo moja ya inchi 2 kwa 2 katika kona hiyo ya ndani, pamoja na papi iliyosimamishwa kwa ubavu na kugundishwa chini ya ukingo, vilimaliza tatizo. Fundi alirudi bila kunung'unika, akafanya kazi hiyo kwa asubuhi moja, na hakunitoza.

Kwa sababu ya unyevu wa bafu nilikataa ubao wa nyuma, na papi za upande huo zilipakwa rangi ya mafuta pande zote kabla ya kufungwa. Mvua za Machi hadi Mei zimepita bila ukungu. Rafu tatu za chini zina kina cha sentimita 45 na mbili za juu 30, uamuzi ninaoushukuru kila ninapotafuta chumvi, maana rafu ya juu ikiwa na kina kirefu inageuka kaburi la makopo. Vanishi niliiacha ikauke wiki nzima, kwa kuwa unga hunyonya harufu upesi.

Gharama yote, pamoja na ufundi, ilikuwa shilingi 31,500. Karakana hiyo ningeipa kazi tena, ila ningeandikiwa kwenye risiti aina ya bodi na unene wake, na ningekagua kingo gari likiwa bado mlangoni. Shilingi 3,000 za mwisho nilizizuia mpaka utepe wa ukingo uliobanduka kwenye rafu ya nne ugundishwe upya. Ulipogundishwa, nilizituma kwa M-Pesa fundi akiwa bado anafunga mfuko wa vifaa vyake.