iPhone au Android? Angalia duka kabla ya kamera

Assalam aleikum, hamjambo watazamaji wangu wa Mombasa na kwingineko. Hapa mezani nina simu mbili, iPhone ya mtumba na Android mpya ya bei ya kati, na kamera zake leo sizigusi. Zote zinapiga picha nzuri, jamani, tumechoka kuonyeshwa bahari ya Mama Ngina kila uchambuzi. Mimi nataka tuangalie duka la programu lililomo ndani, kwa sababu hilo ndilo litakalokuamulia uweke nini, ulipe vipi, na siku ukitaka kuhama, uhame na nini.

App Store ya Apple ilifunguliwa Julai 2008 ikiwa na programu 500. Android Market ikafuata Oktoba mwaka huohuo, na mwaka 2012 ikabadilishwa jina ikawa Google Play. Wengine nao walijaribu: Nokia na duka lao la Ovi, BlackBerry, Microsoft na Windows Phone. Simu zao hazikuwa mbovu, zile Lumia za Windows Phone wallahi zilipendeza mkononi. Lakini wenye programu hawakuona kwa nini wafanye kazi moja mara tatu, na simu isiyo na programu watu huikimbia. Huawei nao yakawakuta 2019, Marekani ilipowakatisha na Google. Simu kali, lakini mteja wa Moi Avenue anauliza Play Store iko wapi, anaonyeshwa AppGallery, duka la Huawei wenyewe, anairudisha simu mezani.

Sasa sogeeni muone. Natafuta menyu ya M-Pesa, ile ya kwenye laini yenyewe. Kwenye Android hii hapa, imekaa pamoja na programu nyingine. Nagusa, Tuma Pesa, basi. Kwenye iPhone naingia mipangilio, natafuta sehemu ya mtandao wa simu, nateremka, nateremka tena, huku chini kabisa ndipo zilipofichwa programu za laini. Na nyuma yako dukani kuna foleni, mama ameshika unga wake anakutazama tu! Ndiyo, utaniambia kuna programu ya M-Pesa, na kuna *334#, na zote zinafanya kazi kotekote. Sawa. M-Pesa ilianza Machi 2007, kabla ya maduka haya yote mawili, ndiyo maana mpaka leo inaweza kupita bila kubisha hodi kwa yeyote kati yao.

Wengine hawana bahati hiyo. Fikiria soko la Kongowea liwe na lango moja, na mwenye lango achukue shilingi 30 katika kila mia unayouza ndani. Hiyo ndiyo asilimia 30 iliyozoeleka kwa Apple na Google. Tangu 2021 wameishusha hadi 15 kwa wauzaji wadogo, wasiofikisha dola milioni moja kwa mwaka. Kijana wa Swahilipot, kile kituo cha vijana wa teknolojia pale karibu na Fort Jesus, akitaka kuweka programu yake, Google watamtoza dola 25 mara moja tu. Apple dola 99, na kila mwaka, na bado hajanunua kompyuta ya Mac ya kuitengenezea. Mwajua wengi wao wataanzia wapi.

Agosti 2020 Epic Games, wenye Fortnite, waliweka njia yao ya malipo ndani ya mchezo, na maduka yote mawili yakautoa siku hiyohiyo. Epic wakawapeleka wote wawili mahakamani. Apple kwa sehemu kubwa walishinda 2021. Google ndio walioshindwa, Desemba 2023, hao hao wanaojisifu kuwa mlango wao uko wazi! Na nyinyi mnaotukanana vijiweni kwa ajili ya kampuni hizi, mahakamani Marekani ilitoka kwamba mwaka 2022 Google waliwalipa Apple dola bilioni 20 ili utafutaji wao uwe wa kwanza ndani ya Safari, kivinjari cha Apple cha kufungulia tovuti. Wenyewe wanaelewana, yakhe.

Tofauti inayomgusa mtu wa huku ni hii: Android inakuruhusu kuweka programu kutoka nje ya duka, kwa faili la programu liitwalo APK. iPhone huku kwetu hairuhusu. Ulaya waliilazimisha Apple ifungue kwa sheria, Machi 2024. Mimi uhuru huo naupenda, lakini faili la mkopo wa haraka lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi, usiliguse.

Kwa pesa za wengi wetu, chukua Android, yenye Play Store yenyewe na mtengenezaji aliyetaja masasisho ni ya miaka mingapi. iPhone ya mtumba chukua kama ndugu zako wote wako huko tayari, na kabla hujatoa pesa fungua mipangilio, gusa jina lililo juu kabisa. Ukiona akaunti ya mtu mwingine, muuzaji aitoe hapohapo mbele yako, kwa neno la siri la mwenyewe. Akikwambia nenda nayo, kuna fundi ataifungua kesho, mwachie simu yake.