Programu ya kupima umbali wa safari za ndege: kilomita sawa, saa za kutatanisha

Tangu Desemba nimekuwa nikitumia programu moja ya simu inayopima umbali kati ya miji miwili na kukadiria muda wa safari ya ndege, kwa sababu shangazi yangu wa Likoni alikuwa akijitayarisha kwenda London kumwona mjukuu wake.

Kwa upande wa umbali sina lawama. Kutoka Mombasa hadi London inatoa kilomita 7,240 hivi, kwa kufuata mviringo wa dunia badala ya mstari wa ramani ya ukutani. Ukipitia Nairobi zinaongezeka kilomita ishirini na kitu tu, kwa kuwa Nairobi iko karibu njiani kabisa. Ukipitia Addis Ababa, kama 130. Ukipitia Doha, unazidisha kilomita 1,500. Ulinganisho huo ulitufaa kuliko maelezo yote ya wakala wa tiketi.

Muda ndio wenye kasoro. Programu hugawanya umbali wote kwa mwendo mmoja, ikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, ikatuambia safari ni ya saa tisa na nusu, jambo ambalo lingekuwa kweli lau shangazi angepaa moja kwa moja kutoka uani kwake. Alifunga mlango saa kumi jioni, akapanga foleni ya feri, akaenda uwanja wa Moi, akaruka hadi Nairobi kwa muda wa saa moja, akangoja huko hadi usiku wa manane, na alipotua London kwetu ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Hizo ni saa kumi na saba na nusu.

Lakini kilichoniudhi hasa ni tafsiri yake ya Kiswahili. Uingereza huwa nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na programu ilizitoa vizuri, kisha ikaandika: "Utafika saa 6:30." Shangazi, ambaye husoma saa kama tunavyoisoma sote hapa Pwani, alielewa saa sita na nusu mchana, akamwarifu bintiye hivyo. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Basi akakaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege, Januari hiyo, na kanga mbili begani, ndoo ya achari ya embe miguuni na simu isiyo na laini ya huko, mpaka binti alipotokea adhuhuri akidhani amewahi.

Niliwaandikia watengenezaji nikiwaomba waongeze angalau neno "alfajiri". Toleo jipya limekuja na vitufe vya rangi ya kijani, na ile saa 6:30 ingali pale pale.